Roshani ya Bi Asta

Jumamosi, 1 Juni

Jua limefika ukutani baada ya chakula cha mchana. Lile langu. Si jua lenyewe hasa, ni mwanga unaogonga madirisha ya jengo la mbele na kurushwa kwetu, makombo ya jua. Doa la manjano, upana wa sahani. Linaanzia kwenye kalenda, linatambaa juu ya kabati la viatu, linaishia mlangoni. Nalifuata na kiti changu. Kiti kipya! Cha kukunja, kitambaa cha milia ya kijani, kiti cha roshani hasa. Roshani sina. Bodil, mke wangu, aliuliza mtu asiye na roshani ana kazi gani na kiti cha roshani. Nikamwambia mwenye ndoano ana nusu ya samaki. Akasema basi nusu yangu hiyo niiondoe kwenye korido, ameshajikwaa.

Nikafumba macho. Ghorofa ya nne, jengo letu hili hili. Roshani ya Bi Asta Kragh. Inatazama magharibi, juu ya mapaa yote ya mji wetu, Aalborg, mpaka kwenye maji ya Limfjord, ule mkono wa bahari. Mwezi huu jua halina haraka pale. Linakaa tu juu ya maji, linajifikiria. Nikaiona mikono yangu kwenye reli. Kahawa. Meli nyeupe inapita polepole. Bodil kando yangu amevua soksi, nyayo zake juani. Miaka mingi sijaziona nyayo za Bodil juani.

Kishindo! Tonny, mtunza majengo, kamwaga chupa kwenye pipa nje ya dirisha. Nikafumbua macho. Doa lilishaondoka.

Sisi tunakaa chini kabisa. Dirisha la sebuleni linatazama banda la baiskeli, la chumbani linatazama mapipa. Basi nina mpango. Chama chetu cha nyumba hakitafuti faida, kwa hiyo hakuna mwenye nyumba wa kumnunulia bia wala wa kumlilia. Nyumba ikiwa wazi, anapewa mpangaji wa siku nyingi kuliko wenzake wanaoitaka. Bi Asta ana umri mkubwa, lifti hatuna, na siku hizi anapumzika kila ghorofa na kikapu chake. Atahama tu. Na wanaoitaka ni wawili. Mimi, na Palle wa mlango wa jirani, naye yuko chini kama sisi. Palle alihamia hapa siku ya Alhamisi. Mimi Ijumaa. Wiki ile ile, ujana wetu huo! Nilichelewa siku moja kwa sababu nilingoja lori la bure la shemeji yangu. Lori la bure likaninyima bahari.

Lakini Chama kina huruma. Mwenye shida kubwa huweza kurukishwa foleni. Kwa hiyo ni lazima niwe na shida kubwa.

Bodil akaanza kusema habari za watu wawili kubadilishana nyumba, eti kanuni zinaruhusu, eti tupande tukamuulize Bi Asta mwenyewe, kuuliza si ujinga. Nikamkatiza. Ukitaka kitu, usionyeshe kuwa unakitaka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Bodil akasema simba gani anayelala na soksi mbilimbili.

Jumanne, 4 Juni

Mkutano mkuu wa wapangaji. Ukumbi wa chini ya ardhi, kahawa, keki ya matufaha, majirani wote. Kila nyumba ina kura mbili. Kwetu moja ni yangu na ya pili ni ya kuniumbua.

Walijadili rangi ya milango mpaka watu wakaanza kusinzia. Ndipo nikasimama. Nilizungumza kwa uchungu! Nikasema huko chini si kukaa, ni kuzikwa na vyombo. Unyevu. Ukungu ukutani unaofanana na ramani ya Norwei. Panya wanaotutazama kwa dharau. Nikasema baridi ya sakafu imenipanda mpaka magotini na sasa inaelekea moyoni. Kuhusu roshani, kimya. Ujanja ndio huo. Bi Asta alikaa mstari wa mbele, mkono nyuma ya sikio, hakupitwa na neno. Alinitazama kwa huruma kweli kweli. Nikasema kimoyomoyo, nimempata shahidi.

Kisha Palle akasimama. Ah, Palle! Shingo nyekundu, tabasamu la mtu aliyeshiba. Akasema samahani, pengine yeye anaishi sayari nyingine, lakini kwake chini kuna raha tupu. Asubuhi anafungua mlango wa bustani na yule ndege mweusi anaingia jikoni kudai makombo. Waridi liko dirishani. Ngazi hana, magoti hayalalamiki. Watu wakacheka wakampigia makofi. Mjinga huyu! Mtu anayetaka kuonewa huruma anasifu nyumba yake? Nilikaribia kumwonea huruma mimi.

Kuna balaa moja. Hapa kwetu atakayesema sana mkutanoni haondoki mikono mitupu. Wakanichagua mwenyekiti wa Kamati ya Bendera. Kura zote, ya Bodil ikiwa ya kwanza hewani. Kazi yangu ni kuona bendera inapanda uani kila mpangaji anapotimiza miaka, na inapanda nusu mlingoti mpangaji anapofariki. Nimekubali kwa unyenyekevu. Mwenye cheo husikika.

Alhamisi, 6 Juni

Kamba ya mlingoti imeoza. Chama kingeleta mpya, lakini mwenyekiti mzuri hangoji. Nilichukua kamba ya Bodil ya kuanikia nguo, nikaiunga na kipande kilichokuwa bado kizima. Fundo moja zuri, nene, la kibaharia. Baharia sijawahi kuwa, lakini niliuza viatu vya mabaharia miaka yote. Kisha nikampa Tonny kazi ya kupandisha, pamoja na karatasi ya siku za kuzaliwa ambayo sikuwa na muda wa kuisoma. Kiongozi hapandi, anapandishiwa. Bodil kaanika nguo juu ya baiskeli na hasemi nami.

Mchana, nimekaa kwenye doa langu, mlango ukabishwa. Bi Asta! Kashuka ghorofa zote na keki mkononi. Alikaa, akahema, akatazama huku na huku. Akamsifu Bodil kwa mapazia. Kisha akauliza kwa upole, hivi kweli chini kukoje, Ejvind, useme ukweli, mwanangu.

Nikasema kimoyomoyo, mpango unazaa! Bi Asta ni mtu wa kusikilizwa na bodi ya Chama. Nikampa kila kitu. Nikamwonyesha ukungu nyuma ya kabati, ambao Bodil anasisitiza ni kahawa niliyoimwaga mimi. Nikapiga ubao wa sakafu kwa kisigino nikasema hao, panya. Akauliza, na juu je, ningependa kukaa juu? Hapo mjinga angeruka. Mimi nikacheka. Nikamwambia nikipanda ghorofa ya pili tu kichwa kinazunguka, roshani naziogopa kama jeneza.

Akasema basi, pole sana mwanangu, alidhani labda. Hakumaliza. Bodil aliingia kutoka uani akamkuta anaondoka, keki yake haijaguswa. Aliniuliza mgeni alitaka nini. Nikamwambia alikuja kunionea huruma, nami nikampa ya kutosha.

Kisha nikala keki na kuota. Nimeongeza chungu cha mche wa nyanya kwenye kona ya roshani.

Jumatano, 12 Juni

Siku nzito.

Alasiri, baada ya kulala kidogo, nilifungua pazia, nikaona bendera uani. Nusu mlingoti! Upepo kidogo, nyekundu na nyeupe zikipepea kwa huzuni. Nikajua mara moja. Nani mwingine? Nikakaa kitandani. Na ni kweli, machozi yalinitoka. Nilimkumbuka akipumzika kwenye ngazi na kikapu chake, akisalimia hata watoto wachanga. Mama mzuri. Nilimlilia mpaka kahawa ikapoa.

Kisha nikawaza kuhusu upana wa roshani. Je, kiti kitaenea kikikunjuliwa chote?

Bodil alikuwa ametoka. Nikavaa suti nyeusi. Mkono mtupu haulambwi, nikakata maua ya Palle dirishani, naye hakuwepo. Futi ya kupimia mfukoni. Kiti begani, kwa ajili ya vipimo tu. Nikapanda. Ghorofa ya pili, ya tatu. Kichwa hakikuzunguka hata kidogo. Kwenye ngazi ya mwisho nikasikia watu wanaimba. Nikasema lo, wameshaanza ibada.

Mlango ukafunguliwa na marehemu mwenyewe. Kichwani taji la karatasi ya dhahabu.

Nyuma yake jengo zima! Mikate ya moto, jibini, kahawa, keki yenye vibendera. Ni siku yake ya kuzaliwa. Bodil yumo, kavaa gauni la bluu, ananitazama mimi na suti yangu. Tonny akaingia nyuma yangu anahema, anaomba radhi kwa Bi Asta, eti bendera imekwama katikati, kuna fundo la mwehu limekataa kupita kwenye kigurudumu cha juu ya mlingoti, anatafuta ngazi ndefu. Watu wakanigeukia mimi, mwenyekiti. Palle akasema mawaridi hayo anayajua kwa majina.

Bi Asta akauliza, na hicho kiti?

Nikasema, zawadi.

Ningesema nini jamani? Akapiga kelele kwa furaha, akanikumbatia, taji likanichoma jicho. Akasema na mtu mwenyewe anaogopa urefu, kapanda mpaka huku kwa ajili yangu! Wakakipeleka kiti roshani. Kilienea. Kilienea kama kilizaliwa pale.

Nikaenda kusimama mlangoni mwa roshani, nikijifanya nimeshika ukuta kwa woga. Nikaiona. Limfjord yote. Maji yalikuwa na rangi ya maziwa, na mwanga juu yake haukuwa doa, haukuwa sahani, ulikuwa wa kila mtu. Meli nyeupe ilipita. Naapa, ile ile ya ndoto yangu. Bodil alikuwa kwenye reli, kafumba macho, uso wake wote juani. Sikumbuki nimesimama pale muda gani. Palle akanishika mkono kwa wema akaniongoza ndani, akasema usitazame chini, ndugu yangu, vuta pumzi.

Jumapili, 16 Juni

Mambo hayaendi vizuri. Palle amepanda kwa Bi Asta jana na leo. Leo kashuka naye, kamshika mkono, kampeleka kwake. Nimewatazama kwa pembeni mwa pazia. Walisimama bustanini. Ndege mweusi akaja, yule mnafiki. Bi Asta alicheka kisha akaketi kwenye benchi ya Palle muda mrefu, miguu imenyooshwa, bila kuhema.

Nimemwambia Bodil kwamba Palle anamchumbia Bi Asta apate roshani kwa ndoa. Bodil alikuwa anamenya viazi. Akasema Palle hachumbii mtu, Palle anasikiliza tu, ni kitu ambacho watu wengine hufanya kwa masikio. Akataka kujua siku ile Bi Asta alipokuja, aliniuliza nini hasa, neno kwa neno. Nikasema mambo ya unyevu. Akanitazama sana. Kiazi kikazidi kuwa kidogo mkononi mwake.

Kiti sina. Doa nimelifuata na kigoda cha jikoni. Si sawa, lakini nikifumba macho nasikia maji.

Ijumaa, 21 Juni

Maboksi kwenye ngazi! Maboksi yanashuka, na maboksi mengine yanapanda! Nikatoka na viatu vya ndani. Tonny kabeba kabati la Bi Asta mgongoni, anashuka. Palle kabeba redio yake, anapanda, anapiga mbinja.

Wamebadilishana.

Nyumba kwa nyumba, Chama kimeridhia, foleni haikuguswa. Foleni yangu! Miaka yote nimesimama kwenye foleni na mlango ulikuwa pembeni, wazi.

Bi Asta alinikuta nimeketi kwenye ngazi. Akaketi kando yangu. Akasema tangu majira ya baridi magoti yalimwambia ashuke chini, na mtu wa kwanza aliyemfikiria nilikuwa mimi, kwa ajili ya Bodil, maana siku moja alimkuta Bodil kapanda mpaka dirisha la ngazi za ghorofa ya nne na kapu la nguo chafu, kasimama tu kwenye jua. Ndiyo maana alikuja na keki. Lakini baba, panya! Ukungu! Na kichwa kinachozunguka! Lisemwalo lipo. Asingeweza kumtoa mtu chini akampeleka mahali pa kumwua, na yeye mwenyewe kwenda kuishi na panya. Basi akamuuliza Palle. Palle alitaka roshani, akasema naitaka. Yakaisha.

Nikauliza kwa sauti ndogo, na kiti? Akasema ah, kiti kizuri kile, lakini ni cha chini mno, magoti yake hayawezi kuinuka. Kamwachia Palle.

Nilipoingia, Bodil alishajua. Sikupigiwa kelele. Afadhali angenipigia. Alisimama kwenye sinki, kanipa mgongo, akasema na mimi nilikuwa nalitaka lile jua, Ejvind. Mimi pia. Hujawahi kuniuliza. Kisha akasema mdomo uliponza kichwa, akachukua kapu la nguo, akatoka.

Nimeumia. Naandika wazi, nimeumia. Nilitaka kumwambia habari za nyayo zake. Sikujua nianzie wapi.

Jumapili, 23 Juni

Moto wa katikati ya kiangazi, uani, kila mtu na soseji yake. Mchawi wa matambara juu ya kuni, wa kuchomwa kama desturi ya kila mwaka. Tukaimba. Anga haikutaka kuwa nyeusi, ilikaa na rangi ya ndani ya kombe. Nilitazama juu. Ghorofa ya nne, milia ya kijani, na soksi za Palle juu ya reli. Akanipungia mkono! Akaniita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, Ejvind, ndugu yangu, ukipona kizunguzungu njoo upate kahawa!

Bodil alikaa kwenye benchi na Bi Asta, jirani yetu mpya, wakachekeana. Bi Asta kasema panya hajaona hata mmoja, lazima wote wako kwetu.

Nikatazama makaa mpaka yakaanza kufanana na jua juu ya maji. Na pale, ndani ya makaa, mpango ukanijia. Mzima! Nimekosea wapi? Nimeeleza shida zangu kwa mdomo tu. Bodi haisikii mdomo, bodi inapenda ombi rasmi. Nitaomba kuhamishiwa juu kwa sababu za afya. Nao, kabla ya kuamua, watatuma mtu wa kupeleleza kama kweli ninateseka. Nitakuwa tayari. Hapana kuyumba, hapana kujisahau. Yeyote atakayeuliza, habari ni ile ile.

Jumanne, 25 Juni

Ombi nimelipeleka jana tu, na leo wameshamtuma mpelelezi! Upesi hivyo!

Doa lilikuwa juu ya kabati la viatu, mimi kwenye kigoda, nusu nimelala, nusu niko roshani. Mlango ukabishwa. Maiken wa ghorofa ya tatu, yule mama kijana wa mapacha. Mapacha wote wawili wanalia, kigari cha watoto kimekwama kwenye ngazi. Nimemvuta ndani, nikafunga mlango. Bodil yuko sokoni, bahati nzuri.

Akajifuta jasho. Akasema samahani baba Ejvind, ana swali dogo tu, hivi huku chini kukoje?

Nilikaribia kucheka. Maneno yale yale ya Bi Asta! Chama kinadhani mimi ni mtoto? Nikamkalisha kwenye kiti kibovu kwa makusudi. Akawa anapamba uongo wake, eti kupandisha kigari kila siku kumemmaliza, eti roshani yao inatazama maji lakini ataikalia saa ngapi na mapacha, eti angepata mtu wa kuaminika, mtu anayependa jua. Kabobea katika kazi yake, namsifu. Mpelelezi wa kawaida asingefikiria hata kuja na watoto.

Mimi si wa kunaswa. Nikampa yote. Ukungu, panya, baridi ya magoti. Nikaongeza kikohozi. Nikamwambia mtoto mchanga huku chini simpendekezei, nikatikisa kichwa taratibu. Alipouliza kama Bodil naye angeona hivyo hivyo, nikasema Bodil juu hapandi, hata picha za milima haziangalii.

Machozi yakamlengalenga. Kaigiza mpaka mwisho! Akasema asante kwa kusema ukweli, ataenda kumuuliza Bi Asta kama anamjua mtu mwingine. Nikamsaidia kupandisha kigari mpaka ghorofa ya tatu, kwa moyo mkunjufu. Mlango wao ulikuwa wazi. Mwanga ulijaa mpaka kwenye mikeka ya viatu. Nikafumba macho nisitamani, nikashuka.

Bodil akirudi nitamweleza jinsi nilivyomshinda. Ataniamini safari hii.

Doa limefika mlangoni sasa, limekuwa jembamba, jekundu kidogo. Nasikia maji. Kwenye duka la pembeni nimeona kiti kingine, milia ya bluu, na cha pili cha kufanana nacho, cha Bodil. Kesho asubuhi nakwenda kuvinunua vyote viwili.